Maji Mekundu Nyuma ya Jiko la Kukhu

Binti yangu ananicheka. Anasema nyumba ina sinki, bomba linatoa maji karibu kila siku, halafu mama yake, mtu mzima mwenye miwani, anabeba sufuria yenye mvuke mpaka nje kwenye mgomba ili akamwage maji ya maharagwe. Tena simwagi hivi hivi. Nasimama kwanza, nainama kidogo, nasema maneno mawili matatu, ndipo namwaga. "Mama, unaongea na nani?" huniuliza. Namwambia alete bakuli aache umbea.

Nyinyi wa rika langu hamtanicheka, maana harufu hiyo mnaijua. Maharagwe mekundu yakilala majini usiku kucha, asubuhi yakachemka mara moja tu, yanatoa harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na ndani yake kuna kitu cha chuma. Harufu hiyo ikinifikia, hata niwe hapa Jinja na mambo yangu mengi kichwani, nakuwa mtoto wa miaka tisa. Niko Mbale, chini ya mlima Wanale, nimechuchumaa kando ya mafiga, na kuna mwanamke mmoja ninayemwogopa kuliko ninavyomwogopa Mungu.

Matanga ya Mama yalipokwisha, ndugu zangu waligawana vitu vyake. Mmoja alichukua cherehani, mwingine redio na kitanda. Mimi nikaomba sufuria ya maharagwe. Walitazamana. "Dada, hiyo imekwaruzwa chini," akasema yule mdogo, kwa upole, kama anayeongea na mtu aliyechanganywa na msiba. Nikamjibu kwamba najua, aliyeikwaruza ni mimi, na wewe hukuwa umezaliwa.

Tulikaa kwenye laini za askari, Jinja, vyumba viwili vya mabati. Baba alikuwa askari magereza, mtu wa kaskazini. Mama alikuwa Mgisu wa Mbale. Lugha iliyowaoanisha ilikuwa Kiswahili, kile cha kambini, ambacho hakina adabu nyingi lakini kinafika kinakokwenda. Sisi watoto tulikinywa hicho hicho. Kilango, lugha ya Baba, kidogo cha kusalimia wageni wake, Kiganda cha sokoni, Kisoga cha matusi, basi. Kigisu cha Mama sikuwa nacho hata neno la kuombea maji.

Na maharagwe ya laini mnayakumbuka. Yalikuja kwenye magunia pamoja na unga wa posho, yana mawe na wadudu, magumu kama vifungo vya koti. Kila mke wa askari aliyapiga magadi ili yaive kabla makaa hayajaisha. Mchuzi ulikuwa mweusi, na sufuria zilikuwa nyeusi ndani na nje. Mimi nilidhani sufuria inazaliwa nyeusi, kama nyani.

Kisha Mama akashika mimba ya nne na miguu ikavimba. Daktari akasema alale hospitalini mpaka ajifungue, asinyanyuke hata kuchota maji. Wadogo zangu wawili walichukuliwa na majirani. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mkubwa na shule zilikuwa zimefungwa, Baba alisema nipelekwe kwa mama yake Mama. Jina la huyo bibi lilikuwa halitajwi kwetu.

Nilikwenda kumuaga Mama wodini. Alinishika mkono akaniambia kitu ambacho sijawahi kukipoteza. "Wewe Nambozo, sikia. Zamani, kabla hujazaliwa, watu wenye gwanda waliingia kwa Kukhu, bibi yako. Walisema Kiswahili. Walichukua ng'ombe, wakachukua vyombo vyote, hata sufuria ya maharagwe iliyokuwa motoni. Walimwaga maharagwe chini wakaondoka nayo. Halafu mimi naenda kuolewa na mtu mwenye gwanda."

"Baba hakuwa pale," nikasema.

"Baba yako alikuwa mtoto wa shule. Lakini kwa Kukhu gwanda ni gwanda. Ulipozaliwa nilinunua sufuria hapa sokoni Jinja, nzuri, nzito, nikampelekea na mtu. Hakujibu. Mpaka leo hajajibu. Sasa wewe ukifika, hakuna kuuliza-uliza. Tumia macho. Angalia kama ile sufuria iko. Angalia kama anaipikia. Ukirudi utaniambia."

"Na kama haiko?"

"Basi nitajua," akasema Mama, akageuza uso kwenye ukuta.

Rafiki yake Baba alinifikisha Mbale jioni, akanishusha mbele ya nyumba ya matofali yenye kibaraza, akasalimia kwa mbali na kuondoka haraka kama aliyetega bomu. Nyuma ya nyumba ulisimama mlima Wanale, ukuta wa mawe uliofunga nusu ya mbingu, na kwa vile mvua ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa yanashuka juu yake kwa nyuzi nyeupe, nyingi, bila sauti. Mimi mtoto wa laini, ambaye mlima nilioujua ni lundo la makaa, nilibaki mdomo wazi.

Alitoka mwanamke mfupi, mkavu, amefunga kitambaa kichwani, viganja vyake vimejaa majivu. Nyuma yake alitoka mwingine, mnene, mwenye baibui. Huyo wa pili ndiye aliyenisalimia. Alikuwa jirani, Hajati Zaina, anayeuza vitambaa mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha mtu yeyote niliyemjua. "Karibu mjukuu wangu. Huyu ndiye Kukhu wako. Yeye Kiswahili anakisikia lakini hakisemi, ameapa. Wewe ukiwa na neno, niletee mimi. Jina lako nani?"

"Nambozo."

Hajati alimtazama Kukhu. Kukhu alinitazama mimi, muda mrefu, majivu yakimdondoka vidoleni. Kisha akageuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Hajati akasema, "Amechoka tu," lakini nilikuwa mtoto wa kambini, na kambini mtu akifungiwa mlango anajua maana yake. Jina langu limemchukiza, nikajiambia. Usiku ule nililala nimeukumbatia mkoba wangu.

Asubuhi nikaiona sufuria.

Ilikuwa kwenye kichanja cha jikoni, imeinamishwa, jua limepenya matundu ya ukuta likaiangukia. Niliambiwa nitumie macho, lakini macho yaliniuma. Ilikuwa nyeupe. Nje nyeupe, ndani nyeupe, chini nyeupe. Nilipoikaribia nikaona msichana anakuja kutoka upande wa pili, uso umepanuka, masikio makubwa, ikabidi nishike sikio langu kuhakikisha ni mimi. Kwetu kioo kilikuwa kipande kimoja cha Baba cha kunyolea ndevu. Hapa bibi yangu anapikia kioo.

Wazo la kwanza lilikuwa la huzuni: basi haipikiwi, imewekwa tu kama picha ya mtu asiyetakiwa. Lakini kabla ya saa mbili Kukhu aliishusha, akaipikia maharagwe juu ya kuni, kuni zenyewe zinatoa moshi wa kumliza maiti, na mchana ilirudi kwenye kichanja inang'aa vile vile. Kesho yake hivyo hivyo. Kesho kutwa hivyo hivyo. Alikuwa anapikia maharagwe wachuuzi wa sokoni, kila siku isipokuwa Jumapili, na kwa hesabu yangu sufuria hiyo ilikuwa na umri wangu. Mimi nilikuwa na makovu magotini na jino limekatika. Yenyewe haikuwa na alama hata moja.

Nikaanza kumvizia. Kwa siku za mwanzo nilikuwa na hakika ni uchawi, na uchawi mtoto hauachi bila kuuchungulia.

Jioni alimwaga maharagwe kwenye ungo, yale makubwa yenye madoa ya damu ya mzee tunayoyaita nambale, akayachambua moja moja. Yaliyokunjamana aliyatupa, mawe aliyatupa. Kisha aliyaosha, akayaloweka kwenye beseni la plastiki. Si kwenye sufuria. Siku moja nilipotaka kusaidia nikayamwagia kwenye sufuria, alinipiga kidogo mkononi kwa upawa, akayarudisha kwenye beseni, akanionyesha kwa kidole: hapa, si hapa.

Asubuhi aliyamwaga maji ya usiku, ambayo yalikuwa ya rangi ya chai hafifu. Halafu akachukua majivu safi ya kuni, akayachekecha, akayakoroga na maji kidogo mpaka yakawa uji, na huo uji akaupaka sufuria nje, tumbo zima na makalio, kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Nilidhani anaichafua. Lakini baada ya kupika, masizi yote yalikuwa yamekaa juu ya majivu, na majivu yakitiwa maji yalibanduka kama ganda la yai, yakiondoka na masizi yake. Chini yake sufuria ilikuwa nyeupe kama haikuwahi kuuona moto. Mara ya kwanza kuona hivyo nilicheka kwa sauti peke yangu. Kukhu alinitupia jicho, na nikadhani nimeona pembe ya mdomo wake ikisogea.

Ndani nako kulikuwa na sheria. Maharagwe yalichemka mara moja, maji yakawa mekundu kama mvinyo wa kanisani, na hayo aliyamwaga yote kabla hayajapata muda wa kuuma sufuria. Akatia maji mapya, na haya ndiyo yaliyoivisha. Chumvi mwishoni. Magadi alikuwa nayo, lakini yalikaa kwenye chungu kidogo cha udongo na yalitumika kwa mboga za majani zilizopikwa kwenye chungu kingine cha udongo. Hayakukaribia sufuria hata siku moja. Na maharagwe yakibaki, yalihamishiwa bakulini yakiwa bado na joto. Yote haya sikuambiwa na mtu. Kati yetu hapakuwa na neno. Niliyasoma mikononi mwake, na mpaka leo, baada ya walimu wote walionipitia, sijaona mwalimu aliyefundisha vizuri kuliko ile mikono iliyoninunia.

Ingeishia hapo ningekuwa mtoto mwenye furaha. Lakini kulikuwa na yale maji mekundu.

Hakuyamwaga mahali popote tu. Aliibeba sufuria kwa matambara mawili mpaka nyuma ya jiko, ambako mgomba ulisimama karibu na jiwe bapa. Alisimama. Akainama. Akasema maneno kwa Kigisu, kwa sauti ya chini, na katikati ya maneno hayo nikasikia, wazi kabisa, "Nambozo." Kisha akamwaga. Maji mekundu yalitawanyika chini, yakatoa mvuke, udongo ukayanywa.

Mara ya kwanza nilifikiri ananiita. Nikaitika. Aligeuka ghafla, akaona nimesimama pale, na uso wake ukafunga kama mlango wa siku ile. Tangu siku hiyo kila asubuhi nilisikiliza, na kila asubuhi jina langu lilikuwemo. Anainama, ananitaja, anamwaga kitu chekundu na cha moto juu ya ardhi. Mnataka nifikiri nini? Bibi anayechukia gwanda, anayechukia Kiswahili, aliyenifungia mlango aliposikia jina langu. Ananilaani, nikasema. Na kama ananilaani mimi, anamlaani na yule aliyenizaa, aliyelala Jinja na miguu iliyovimba.

Niliogopa hivyo kwa wiki nzima. Nilikuwa nakula maharagwe yake, matamu mno, laini, mchuzi wa rangi ya ngozi yangu, huku nikilia kimya ndani ya bakuli. Siwezi kuwaeleza ilivyo kumstaajabia mtu na kumwogopa kwa wakati ule ule. Nilitamani anipende, basi. Hilo lilikuwa linaniuma kuliko laana yenyewe.

Halafu zikaja habari. Dereva mmoja alipita kwa Hajati na kusema Mama amezidiwa, atafanyiwa upasuaji. Kukhu aliposikia alijifunga gomesi, vazi lake refu la kanisani, ingawa haikuwa Jumapili, akaondoka kwenda kanisani kusali, Hajati akimsindikiza, na mimi akaniachia jiko. Alinionyesha maharagwe yaliyolowekwa, akanionyesha sufuria iliyokwisha kupakwa majivu, akanigusa begani, akaenda. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunigusa bila upawa.

Mimi nikaona nafasi. Leo, nikajiambia, maji mekundu hayatamwagwa. Leo jina langu halitatajwa na Mama hatakufa. Niliyabandika maharagwe, yakachemka, maji yakawa mekundu, nikayaacha humo humo. Ila nikaogopa: akirudi kabla hayajaiva atayakuta, atayamwaga mwenyewe. Lazima yaive upesi. Na mtoto wa laini anajua dawa ya kuivisha upesi. Nikachukua chungu cha magadi, nikatia kiganja kizima, halafu kingine.

Povu lilipanda. Harufu ya laini ikajaa jikoni, na kwa dakika chache nikajisikia nyumbani. Maharagwe yaliiva kabla ya saa moja kupita, yakavurugika, mchuzi mweusi. Nikayamimina kwenye beseni kwa fahari. Nikatazama ndani ya sufuria nijione.

Sikuwepo. Ndani kulikuwa kweusi. Weusi wenye kijani, umeanzia chini ukapanda mpaka usawa wa mchuzi, na juu yake ule weupe umebaki kama mdomo uliotapika. Sijui kama niliwahi tena maishani kupata baridi ya namna ile. Ndipo nikakumbuka nilichotumwa. Angalia kama iko, angalia kama anaipikia. Miaka tisa mwanamke huyu ameitunza, mimi nimeiua asubuhi moja, na Mama yuko mezani kwa daktari.

Nikakimbilia mchanga. Nilisugua kwa mchanga na gunzi la mahindi, nikasugua mpaka kucha zikatoka damu, na weusi haukutoka, ila chini kabisa pakawa na mikwaruzo ya duara, mingi, kama paka amefungiwa humo. Maji yakimwagika hayazoleki, husemwa, lakini mimi siku ile yasiyomwagika ndiyo yaliyoniangamiza.

Walinikuta nimekaa chini nimeipakata. Kukhu alisimama mlangoni. Hajati aliona beseni, akaona sufuria, akashika mdomo. "Mjukuu wangu, umefanya nini?"

Nikasema yote kwa mkupuo. Kwamba sikutaka amwage. Kwamba kila asubuhi ananilaani, nimesikia kwa masikio yangu, anataja Nambozo anamwaga damu. Kwamba anilaani mimi akitaka lakini Mama asimguse. Nilisema Kiswahili kikali cha kambini, cha baba yangu, na nilimtazama usoni nikisema.

Nilisahau alichoniambia Hajati siku ya kwanza, kwamba anakisikia. Hakusubiri kutafsiriwa. Alikaa chini pale pale, kwenye sakafu, na gomesi yake ya kanisani, akafunika uso kwa viganja.

Hajati alinishika mkono akanipeleka nyuma ya jiko. "Unaona hilo jiwe? Chini yake kuna mtoto. Mdogo wake mama yako. Surua ilimchukua akiwa na miaka minne. Jina lake Nambozo."

Nilisema hilo ni jina langu.

"Ndiyo. Mama yako alikupa. Kukhu hakujua mpaka ulipolitaja mwenyewe kibarazani. Alikuwa anajua ana mjukuu, hakujua jina. Unafikiri kwa nini alikimbilia ndani?"

Nilikuwa nalitazama jiwe. Makaburi niliyoyajua mimi yalikuwa ya saruji, yenye misalaba, mbali na watu. Sikujua kuna watu wanaolala na watoto wao karibu na jiko.

"Maji ya moto hayamwagwi tu ardhini, mjukuu wangu. Walio chini unawaambia kwanza. Anamwambia, Nambozo, sogea kidogo mama, maji ni ya moto, nisikuunguze. Ndiyo hayo tu. Kila siku."

Nikafikiri, kisha nikauliza kile ambacho hata nyinyi mngeuliza. "Kwa nini asimwage pengine?"

Hajati alinitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanakula. "Akimwaga pengine, ataongea naye saa ngapi?"

Tuliporudi, Kukhu alikuwa amevua gomesi na kuvaa nguo za kazi. Hakunipiga. Alinyoosha mkono nikampa sufuria. Aliitazama ndani, akapitisha kidole kwenye mikwaruzo, akashusha pumzi. Halafu akaenda uani akarudi na upindo wa nguo umejaa malimau, akanipa kisu, akanionyesha: kata. Tukakata, yeye na mimi, mpaka kichanja kikajaa vipande. Akajaza sufuria maji mpaka juu ya alama ya weusi, akatia malimau yote, maganda na mbegu, akabandika. Akavuta kigoda. Halafu akavuta cha pili, akakipiga kwa kiganja: kaa.

Nikakaa. Mvuke wa limau ulituingia machoni. Kwa muda mrefu hapakutokea kitu. Kisha, kwenye ukingo, nikaona mstari mwembamba wa mwanga. Weusi ulikuwa unaachia. Haukufutwa na mtu, haukusuguliwa, ulikuwa unaondoka wenyewe, taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama kivuli cha Wanale kinavyouachia mji jua likipanda. Nilishika goti la Kukhu bila kujua nimeshika. Maji yalikuwa yanageuka kijivu na sufuria inageuka nyeupe. Nimeona mengi tangu hapo, nimezaa, nimeona ndege ikinyanyuka, nimeona mtu aliyekata tamaa akipona. Bado nikiambiwa neno muujiza, kinachonijia kwanza ni ule mstari wa mwanga kwenye ukingo wa sufuria. Tulipomwaga yale malimau, nyuma ya jiko, Kukhu alinisogeza mbele. Nikainama. Kigisu sina. Nikasema kwa Kiswahili, "Nambozo, sogea kidogo, maji ni ya moto." Kukhu hakukataa lugha hiyo. Alisubiri nimalize, akamwaga.

Weusi uliisha wote. Mikwaruzo ilibaki.

Siku ya tatu dereva alirudi: Mama amejifungua mtoto wa kiume, wako hai wote wawili, ila Mama hana nguvu na hataki kula. Jioni ile Kukhu aliloweka maharagwe. Alfajiri aliyapika, akatia bizari kidogo na karanga za kusaga, akafunika sufuria, akaifunga kwa kitenge mafundo mawili, akavaa gomesi. Nilimwambia kwa ishara kwamba Jinja kuna sufuria nyingi, achukue bakuli. Alinitazama kama mtu asiyenielewa kabisa, ilhali alinielewa vizuri sana.

Njia nzima, mpaka tukavuka mabwawa ya Tirinyi na kuipita Iganga, aliishika mapajani kwa mikono miwili. Mama atauliza, na mimi nimetumwa, na sikuwa na ujasiri wa kusema nani ameiharibu.

Wodini Mama alikuwa amelala ubavu, mtoto kifuani. Aliinua macho akamwona mama yake amesimama miguuni pa kitanda. Kukhu aliweka mzigo juu ya kabati, akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili. Kitenge kikaanguka. Sufuria ikasimama pale, nyeupe, mchana wa dirisha wote umeingia ndani yake, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuka kutazama.

"Mayi," akasema Mama. Ndivyo Wagisu wanavyomwita mama. Akaanza kulia.

Kukhu alimlisha kwa kijiko, kama mtoto. Maharagwe yalipungua, na nilijua kitakachotokea, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Mama alichungulia ndani. Akaona. Alipitisha kidole chini, akainua kichwa akanitazama mimi moja kwa moja, akauliza kwa Kiswahili, lugha yetu mimi na yeye. "Nani amekwaruza?"

Kabla sijafungua mdomo, nikasikia sauti nisiyoijua, nzito, inayotembea kwa shida kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Ni mimi," akasema Kukhu. "Mimi nasahau yeye kwa moto."

Kwa Kiswahili. Alikuwa na Kigisu chake chote, angeweza kumjibu binti yake kwa Kigisu na mimi nisijue kitu. Alichagua kile ambacho ningesikia.

Mama alimtazama mama yake. Akatazama tena ile duara ya mikwaruzo. Mama alikuwa ameosha sufuria tangu alipojua kusimama, moto haukuwa mgeni kwake na mchanga haukuwa mgeni. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye vidole vyangu, ambavyo nilikuwa nimevificha nyuma lakini si haraka ya kutosha, na kwenye kucha zangu zilizokatika.

"Moto wa Mbale siku hizi una kucha," akasema.

Kukhu alitoa sauti puani. Halafu Mama naye. Walicheka hivyo, kwa pua, wote wawili kwa namna moja, nikaona ni watu wamoja kabisa, na mtoto akaamka akalia. Kukhu alimpokea, akamtazama, akamrudisha. Kisha akaomba bakuli kwa mgonjwa wa kitanda cha pili, akahamisha maharagwe yaliyobaki yakiwa bado na joto, kwa sababu maharagwe hayalali kwenye sufuria.